Taaluma ya Kumsindikiza Mvumbuzi wa Tiba

Miongoni mwa vijana wanaohitimu uhandisi wa vifaa tiba katika vyuo vyetu, na hata miongoni mwa matabibu na wauguzi wenye shauku ya mambo mapya, imeenea itikadi kwamba mwenye kutaka kuutumikia uvumbuzi wa tiba hana budi kuwa mvumbuzi mwenyewe: abuni kifaa chake, asajili kampuni yake, ashinde tuzo, na jina lake litajwe. Mimi, ambaye riziki yangu yote naipata kwa kuzisaidia kampuni changa za namna hiyo zipite kutoka karakana mpaka wodini, nashikilia rai iliyo kinyume cha itikadi hiyo. Afrika ya Mashariki ina wavumbuzi wa kutosha, ila ina uhaba mkubwa wa watu wa kuwasindikiza. Na kazi hiyo ya kusindikiza ni taaluma kamili, yenye maarifa yake, adabu yake na miiko yake, ambayo kijana mwenye akili nzuri anaweza kuifanya maisha yake yote bila kuona kwamba amepungukiwa heshima.

Ili rai hii ieleweke, yafaa tuitazame asili ya bidhaa yenyewe. Katika biashara nyingi anayelipa, anayetumia na anayenufaika ni mtu mmoja, na akiridhika mtu huyo biashara imesimama. Katika kifaa tiba watu hao ni mbalimbali na hawaketi chumba kimoja. Anayenufaika ni mtoto njiti aliyezaliwa usiku. Anayetumia ni muuguzi wa zamu aliyeachiwa wodi nzima. Anayelipa ni Bohari ya Dawa, au mfuko wa bima, au mfadhili aliye ng'ambo. Anayeruhusu ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na atakayekitengeneza kikiharibika ni fundi wa hospitali ambaye hakuulizwa neno lolote kilipochaguliwa. Kila mmoja wao ana lugha yake na hofu yake. Muuguzi anahofia king'ora kitakacholia usiku kucha bila sababu, mnunuzi anahofia mkaguzi wa hesabu, msajili anahofia madhara, na fundi anahofia kipuri kisichopatikana nchini. Mvumbuzi aghalabu anamjua mmoja tu katika hao, naye ni mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa ndiye aliyemtia huruma hata akaanza kubuni; na hao wengine huja kuwajua mmoja mmoja, na kila anapomfikia mmoja wao, amekwisha kutumia fedha ambazo zingefaa kumshughulikia huyo.

Na safari yenyewe ina vituo vingi. Kifaa cha mfano kikishafanya kazi mezani, chahitaji kupimwa usalama wake, hasa wa umeme. Kisha, kabla hakijajaribiwa kwa mgonjwa yeyote, chahitaji kibali cha maadili ya utafiti, ambacho kwa Tanzania Bara husimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kisha huja usajili wa Mamlaka, ambayo huvipanga vifaa katika madaraja manne, A mpaka D, kwa kadiri ya hatari iliyomo, hata kitambaa cha kufungia kidonda kisiulizwe maswali yanayoulizwa kifaa cha kupandikizwa moyoni. Kampuni nayo yatakiwa kuthibitisha kwamba bidhaa ya leo na ya mwakani zitaundwa kwa utaratibu uleule, na kiwango kinachotambulika duniani kwa jambo hilo ni ISO 13485. Yote haya hukusanywa katika jalada: michoro, orodha ya malighafi na wauzaji wake, matokeo ya vipimo, hesabu ya kila hatari iwezayo kutokea pamoja na kinga yake, maelezo ya kusafisha, maandishi ya lebo. Nimeona jalada nene, lililogharimu jasho la watu wengi, likirudishwa kwa sababu cheti cha maabara kilikuwa na jina moja la kifaa na lebo ina jina jingine; mwenye kampuni alikuwa amekibadilisha jina kifaa chake katikati ya safari ili kipendeze katika shindano. Msindikizaji aliyepo tangu mwanzo angemzuia kwa sentensi moja. Kazi yake ni ya rubani wa bandari aingiaye chomboni nje ya lango: chombo si chake, shehena si yake, lakini anajua miamba ilipo na saa ambayo maji hupwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Malawi. Mwaka 2010 wanafunzi wa shahada ya kwanza wa Chuo Kikuu cha Rice, mjini Houston, chini ya walimu wao Rebecca Richards-Kortum na Maria Oden, walishika tatizo lililokuwa likiwatesa madaktari wa Hospitali ya Queen Elizabeth ya Blantyre, kwamba watoto wachanga walikuwa wakifa kwa kushindwa kupumua ilhali mashine ya kuwasaidia ilikuwa ghali mno. Kanuni ya tiba ilikuwa imekwisha kujulikana, nayo ni nyepesi. Mapafu ya njiti huelekea kujikunja kila anapotoa pumzi, basi hupewa hewa yenye msukumo mdogo usiokatika kupitia mirija midogo ya puani, na ncha ya pili ya mpira upitishao hewa hiyo huzamishwa ndani ya chupa ya maji. Kina cha mpira ndani ya maji, kikihesabiwa kwa sentimita, ndicho kinachoamua nguvu ya msukumo, na viputo vinavyopanda ndivyo vinavyomwarifu muuguzi, hata akiwa upande wa pili wa wodi, kwamba msukumo upo. Viputo vikikoma, pana mahali panapovuja, na mara nyingi ni puani kwa mtoto, mirija imeteleza. Wanafunzi wale walitumia pampu za kutilia hewa matangi ya samaki, na kifaa chao kikafanya kazi. Lau habari ingekoma hapo, ingetosha kwa gazeti na kwa tuzo.

Yaliyofuata ndiyo ninayotaka vijana wayasome kwa makini. Kampuni ya California iitwayo 3rd Stone Design ilikichukua kifaa kile na kukisuka upya kiweze kuundwa kiwandani, kisafishike, kistahimili vumbi na mikono mingi, na kitengenezeke kikiharibika. Matabibu wa Blantyre walifanya utafiti, ukachapishwa mwaka 2014, wakaona kwamba katika watoto waliopewa msukumo ule walionusurika ni asilimia 71, na katika waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani ni asilimia 44. Utafiti ulikuwa mdogo, lakini pasipo tarakimu kama hizo hakuna ofisa wa wizara ambaye angeweza kuitetea saini yake. Kisha ikaja kazi isiyo na picha ya kupiga: kuwafunza wauguzi katika hospitali za serikali, kuwatungia kanuni fupi ya kumtambua mtoto anayefaa kuwekewa kifaa ili wasilazimike kumngoja daktari, kurudi tena baada ya miezi kadhaa kuona nani amehamishwa wodi na nani amesahau, kuhakikisha mirija na kofia za kuishikia kichwani vya ukubwa wote vipo, maana mtoto wa kilo moja havai kofia ya mtoto wa kilo mbili. Waliofanya hayo hawakubuni chochote kwa maana inayoeleweka na watoa tuzo. Hata hivyo ni wao waliokifanya kifaa hicho, kilichopewa jina la Pumani, kienee katika hospitali za serikali za Malawi. Na katika maarifa yaliyopatikana humo ukazaliwa mradi wa NEST360, ulioanza mwaka 2019 katika Malawi, Kenya, Tanzania na Nijeria, kwa upande wetu ukishirikiana na Taasisi ya Afya Ifakara, nao hupeleka hospitalini vifaa pamoja na mafunzo, ufundi na takwimu kwa mkupuo mmoja.

Taaluma hii hutaka subira, na subira hiyo kila muuguzi wa kliniki ya chanjo anayo ithibati yake mkononi. Juu ya kichupa cha chanjo pana alama ndogo ya duara yenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaunguzwa na joto. Ukifanana na duara au ukiwa mweusi zaidi, kichupa hutupwa bila mjadala. Shirika la PATH la Seattle lilianza kuitafuta alama ya namna hiyo mwaka 1979, likishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Majaribio ya mwanzo hayakufaa. Baadaye likaikuta teknolojia yenyewe katika kampuni ndogo ya New Jersey iliyokuwa ikitengeneza lebo za kuonyesha ubichi wa vyakula. Na alama ikabandikwa kwa mara ya kwanza juu ya chanjo ya matone ya polio mwaka 1996. Kati ya miaka hiyo miwili palikuwa na watu ambao kazi yao ilikuwa kuwashawishi watengenezaji wa chanjo wakubali kubadilisha lebo zao, na kuwashawishi wanunuzi waidai lebo hiyo katika mikataba yao. Kemia ilikuwa imekwisha kugunduliwa na watu wengine kwa haja nyingine kabisa.

Wala asidhani mtu kwamba mambo haya ni ya mashirika ya ng'ambo tu. Arusha, kiwanda cha A to Z kilipewa mwaka 2003 na kampuni ya Sumitomo Chemical ya Japani maarifa ya kuunda chandarua cha Olyset, ambacho dawa yake ya kuulia mbu huchanganywa ndani ya plastiki kabla haijavutwa kuwa uzi, ili idumu kwa miaka na isitoke kwa kufuliwa. Sumitomo haikudai mrabaha, mfuko wa Acumen ukakopesha mtaji, kampuni ya mafuta ikatoa plastiki, na mashirika ya kimataifa yakawa wanunuzi. Kiwanda kikaja kuajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na kutoa mamilioni ya vyandarua kwa mwaka. Ukiuliza ni nani aliyevumbua katika habari hii, utajibiwa ni Wajapani. Lakini ukiuliza ni nani aliyewaketisha meza moja mwenye kemia, mwenye plastiki, mwenye fedha na mwenye haja, utakuwa umeifikia kazi ninayoizungumzia. Udhaifu wa mpango ule nao ni funzo, kwa kuwa soko la vyandarua liliegemea zabuni za wafadhili, na kiwanda kinachoegemea mnunuzi wa aina moja hakina usingizi.

Nimezoea kusikia lawama mbili tatu juu ya kazi hii, na sitazipita. Ya kwanza ni kwamba huu ni udalali wenye jina la kisomo. Jibu langu ni kwamba dalali hupata ujira wake bidhaa inapouzwa, na kwa hiyo hana masilahi yoyote ya kuzuia bidhaa mbaya, ilhali msindikizaji anayestahili jina hilo lazima awe na uwezo wa kumwambia mvumbuzi, tena mbele ya wafadhili wake, kwamba kifaa hiki kisiende wodini. Kwa sababu hiyo siafiki hata kidogo mtindo wa washauri kulipwa kwa hisa za kampuni wanazozishauri. Mwenye hisa husoma matokeo ya majaribio kwa jicho la mwenye hisa, hata akiwa mtu mwaminifu. Alipwe mshahara au ujira wa kazi yake, na masilahi yake yote yaandikwe mahali yanapoweza kuonekana.

Lawama ya pili haielekezwi kwetu bali kwa mamlaka za udhibiti, kwamba ndizo zinazowakatisha tamaa vijana. Sikatai kwamba ada huwa nzito kwa kampuni ya watu watatu, wala kwamba majibu huchelewa; lakini tusisahau kwamba mwezi Desemba 2018 mamlaka ya Tanzania, ambayo wakati huo ilisimamia na vyakula pia, ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa ya kwanza barani Afrika kufikia daraja la tatu la ukomavu katika udhibiti wa bidhaa za tiba. Taasisi ya namna hiyo haifai kuombwa ilegeze kamba. Iombwe kusema mapema inachotaka, na sisi tuwe na watu wanaojua kukisoma inachokisema. Ucheleweshaji mwingi niliouona katika kazi hii ulitokana na majalada pungufu, na majalada yalipungua kwa sababu yaliandikwa na mtu ambaye hajawahi kusoma jalada lililokubaliwa.

Kuna dhana ya tatu, nayo naiona ni ya hatari zaidi kwa kuwa huvaa kanzu ya hisani: kwamba hospitali maskini ifurahie chochote inachopewa, na kwamba kazi huisha kifaa kinapokabidhiwa na picha kupigwa. Robert Malkin wa Chuo Kikuu cha Duke na mwenzake walikusanya hesabu za vifaa vya hospitali katika nchi zenye kipato kidogo, wakachapisha mwaka 2011 kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu zake huwa ndogo ndogo. Chukua mtambo wa kuchuja oksijeni, ambao huvuta hewa ya chumbani na kuipitisha katika chembechembe za zeolaiti zinazoishika naitrojeni na kuiacha oksijeni ipite. Nyuma yake pana sifongo ya kuzuia vumbi, inayotakiwa kutolewa na kufuliwa kila wiki kwa maji na sabuni, kisha ikaushwe kabisa. Isipofuliwa mtambo hupata joto na kukosa nguvu, na ikirudishwa mbichi, katika miji ya pwani ambayo hewa yenyewe ni maji, unyevu huingia ndani na kuziharibu zile chembechembe, ambazo bei yake ni sehemu kubwa ya bei ya mtambo. Taa ya kijani huendelea kuwaka na hewa huendelea kutoka, ila oksijeni yake imepungua, na asiyekuwa na kipimo cha kuupimia usafi wake hatajua. Ongeza hapo mashine zinazoletwa kutoka Marekani zikiwa zimeundwa kwa umeme wa volti 120, zikachomekwa katika ukuta wenye volti 230. Mambo haya hayahitaji mvumbuzi. Yanahitaji mtu aliyeuliza kabla meli haijapakiwa.

Na hapa ndipo ninapokosana na wapenda mashindano. Tuzo ina faida zake. Mwaka 2018 Brian Gitta wa Uganda alipopewa Tuzo ya Afrika ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, pauni 25,000, kwa kifaa cha kupima malaria kupitia kidole bila kutoa damu, vijana wengi wa Kampala hadi Mwanza walijiona wameruhusiwa kuota. Lakini wakati wa tuzo ile kifaa chenyewe kilikuwa bado katika majaribio, na fedha za tuzo, popote zitolewapo, huja mwanzoni mwa safari, siku ambayo gharama ni ndogo, kisha hukauka katika miaka ya vipimo, utafiti wa wagonjwa na usajili, ambayo hakuna hadhara ya kuipigia makofi.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila hospitali ya rufaa iwe na mtu mmoja, mwenye cheo kinachotambulika na mshahara wa serikali, ambaye kazi yake ni kuwapokea wenye vifaa vipya, kuwaingiza wodini kwa utaratibu, kuwaketisha na wauguzi na mafundi, na kuandika kilichoonekana. Leo mvumbuzi hutegemea kujuana na daktari mmoja, na daktari huyo akihamishwa kazi yote hulala. Pili, ruzuku zinazopitia Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia na mifuko mingine zikatwe vipande vinavyolingana na vituo vya safari, ili fungu la vipimo lilipwe maabara moja kwa moja na fungu la ukaguzi wa ubora lilipwe wakaguzi, na mvumbuzi asilazimike kuchagua kati ya cheti na mshahara wa msaidizi wake. Tatu, Bohari ya Dawa ipewe rukhsa ya kununua idadi ndogo ya kifaa kilichosajiliwa na kuundwa nchini, kwa masharti ya kurudishwa kikishindwa, maana sharti la zabuni linalodai uzoefu wa miaka ya mauzo humfungia mlango kila anayeanza. Juu ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kutambua usajili wa vifaa wa wenzao sitasema mengi. Wakala wa Dawa wa Afrika, ambao mkataba wake ulianza kutumika Novemba 2021 na makao yake ni Kigali, utaweza kulisukuma jambo hilo kama serikali zetu zitataka.

La nne liko mikononi mwa vyuo, na halingoji bajeti ya mtu. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Muhimbili vinawafundisha vijana wetu vifaa tiba. Waongezewe somo la muhula mmoja ambalo mtihani wake ni jalada, kila mwanafunzi akabidhiwe kifaa cha kweli kilicho hospitalini, akiandikie hesabu ya hatari zake, lebo yake, maelezo ya kukisafisha kwa Kiswahili ambacho muuguzi atakisoma saa nane za usiku, na orodha ya vipuri pamoja na duka la kuvinunulia. Somo hilo lifunguliwe kwa wauguzi, wahasibu na wanasheria pia, maana baadhi ya wasindikizaji hodari niliofanya nao kazi hawakuwahi kushika koleo. Na msahihishaji wa mtihani huo asiwe mwalimu peke yake. Aketi naye fundi wa hospitali kilikotoka kifaa kile.